Hivi ni kweli ubongo unatumia GESI kuliamrisha tumbo? Mama kapimwa, mimi nimebaki na maswali

#1 KitindaMimba
Habari za jioni wakuu. Kuna jambo linanikaa kichwani wiki ya pili sasa.

Mama yangu ana kisukari, huu mwaka wa 14. Tangu mwaka juzi akila vijiko vitano anasema kashiba, tumbo linajaa, anabeua, na akitapika anatapika chakula cha jana. Sikosei, cha jana. Tumehangaika sana, hospitali moja walimpa dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima bila hata kumuuliza anatapika nini, mtaani wakasema ni gesi, akanywa tangawizi, akanywa maji ya vitunguu swaumu, akanywa magadi. Mwezi uliopita ndo tukaelekezwa sehemu nyingine akamezeshwa ule mpira wa kamera. Mara ya mwisho kula ilikuwa saa moja usiku, kipimo kilikuwa saa nne asubuhi, waliniruhusu nikasimama pembeni naangalia skrini. Wali upo. Maharage yapo. Harage moja zima na ganda lake, kama limetoka kwenye sahani sasa hivi. Masaa 15! Kidonda hakuna hata kimoja, na mlango wa chini wa tumbo haujaziba.

Daktari kijana akasema tumbo limepooza, sukari imeharibu neva. Nikamuuliza kwa hiyo sio gesi? Akasema "gesi ipo, ila sio hiyo unayoifikiria wewe. Neva zinazolegeza tumbo zinaongea kwa gesi, na kule juu kwenye shina la ubongo amri inakotoka nako kuna gesi." Akaitwa wodini, akaondoka.

Ndo nimeganda hapo. Mwenye kuelewa anisaidie.

#2 MbeyaBaridi
Pole sana mkuu, Mungu amsaidie mama. Ila bibi yangu angekuwepo angefurahi kusikia daktari kasema gesi 😅

#3 PanyaWaMaabara
Pole mkuu. Mimi nilisomea fiziolojia na nimekaa na panya maabara miaka kadhaa kwa hiyo hii mada naipenda mno, nitajaribu kuieleza kwa lugha ya nyumbani.

Shika kisogo chako, pale shingo inapoanzia. Ndani yake ndo kuna shina la ubongo, na sehemu yake ya chini kabisa inaitwa medula. Neva ya vagasi inatokea hapo, inashuka shingoni, inapita kifuani, inafika tumboni. Jina lenyewe kwa Kilatini maana yake ni mzururaji. Watu wengi wanadhani vagasi kazi yake ni kupeleka amri chini, wakati karibu asilimia 80 ya nyuzi zake zinapeleka habari JUU, yaani tumbo ndo linaongea zaidi kuliko linavyoambiwa. Habari zikifika juu zinapokelewa kwenye kituo kimoja, pembeni yake tu kuna kituo cha pili kinachotuma amri kurudi chini. Vimekaa jirani kabisa, kwa panya ukikosea sindano kidogo tu umedunga kingine.

Sasa gesi. Kawaida seli ya neva inatunza kemikali yake kwenye vifuko, ikipata amri inavipasua vinamwaga. Gesi huwezi kuitunza kwenye kifuko, inavuja. Kwa hiyo seli inaitengeneza palepale inapohitajika kwa kutumia kimeng'enya, ikishatengenezwa inapenya kuta za seli bila kugonga hodi, inawafikia majirani wote, hata yule aliyeleta ujumbe inarudi kumgusa, halafu ndani ya sekunde chache imeisha. Zinazojulikana sana ni tatu: nitriki oksaidi, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Zote tatu vimeng'enya vyake vipo kwenye shina la ubongo, na zote tatu zipo kwenye ukuta wa tumbo pia. Ugomvi wote unaanzia hapo.

#4 Chande_TZ
Nitriki oksaidi si ndo ile gesi ya kucheka wanayovutishwa watu wakienda kung'oa meno? Kwa hiyo tumbo linacheka?

#5 FundiSaa
Hapana Chande. Ya kucheka ni naitrasi oksaidi, ina naitrojeni mbili na oksijeni moja. Hii tunayoongelea ni naitrojeni moja na oksijeni moja, inapatikana hata kwenye moshi wa magari. Majina yamefanana, tabia tofauti kabisa.

#6 DadaWaWodi
Mimi ni nesi. Nimewapokea watu waliolala na jiko la mkaa ndani, kichwa kinapasuka, wanatapika, wengine hawaamki tena. Na haidrojeni salfaidi ni ile harufu ya yai viza, mafundi wa mashimo ya maji taka inawaua kabisa, na ubaya wake ikizidi pua haiisikii tena. Sasa mnaniambia mwili unazitengeneza wenyewe kwa makusudi? Nifafanulieni hapo maana nimeshindwa kuikubali.

#7 PanyaWaMaabara
DadaWaWodi swali lako ndo lilikuwa swali la wanasayansi wengi, hata nitriki oksaidi ilikuwa inahesabika kama uchafuzi wa hewa tu mpaka miaka ya 80. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kwamba mishipa ya damu inaitumia kujilegeza.

Kuhusu kaboni monoksaidi nikupe ushahidi ambao kila mtu humu ameshauona kwa macho. Ukijigonga kwenye kona ya meza, siku ya kwanza panakuwa pekundu au zambarau, baada ya siku kadhaa pembeni panakuwa kijani, halafu manjano, halafu inapotea. Ule ukijani ni damu iliyovunjwavunjwa. Kimeng'enya kinachoivunja kinatoa vitu vitatu: hiyo rangi ya kijani, madini ya chuma, na kaboni monoksaidi kidogo sana. Kwa hiyo kila alama ya kujigonga uliyowahi kuwa nayo ilitoa gesi ya jiko la mkaa. Aina nyingine ya kimeng'enya hichohicho ipo kwenye seli za ubongo na za tumbo, yenyewe inafanya kazi muda wote hata hujagongwa. Kinachotofautisha sumu na ujumbe ni kiasi, na ni mahali.

#8 DadaWaWodi
Aisee. Asante, hiyo ya alama ya kujigonga imenikaa.

#9 MzeeKandoBahari
Wanangu hamjambo. Mimi umri umekwenda, nasoma kwa miwani, mnivumilie.

Hiyo neva ya vagasi mimi sina. Nilikatwa mwaka 1983 kwa sababu ya vidonda vya tumbo, wakati huo ndiyo ilikuwa tiba, wanaikata ili asidi ipungue. Na mlango wa chini wa tumbo wakaupasua wakaupanua. Nilipouliza kwa nini na huko tena wakaniambia ukikata neva bila kupanua mlango chakula hakishuki, kinalala tumboni. Kwa hiyo huyo mama ninamwelewa vizuri sana.

Tangu siku hiyo mimi uji nikinywa kikombe kizima haraka unapita kama maji kwenye mfereji, jasho linanitoka, moyo unakwenda mbio, lazima nijilaze. Lakini ugali na nyama vinakaa mpaka alfajiri. Kinywaji kinakimbia, kigumu kinakwama, tumbo ni hilohilo moja. Miaka yote hii hakuna aliyenieleza kwa nini.

#10 FundiSaa
Shikamoo mzee. Kesi yako ni ya thamani kubwa kuliko kitabu.

Sasa mimi niingie na upinzani. Sikubali kwamba mambo haya yanaamuliwa kichwani. Utumbo ukiutoa nje ya mwili ukauweka kwenye chombo chenye maji ya chumvi ya uvuguvugu na hewa safi unaendelea kusukuma wenyewe. Bayliss na Starling walishaandika mwaka 1899 kwamba utumbo unasukuma hata ukiwa umetenganishwa na neva za nje. Ukuta una neva zake, zaidi ya milioni mia. Na kuhusu gesi yenyewe, mwaka 1991 walichukua tumbo la nguruwe wa Guinea (yule mdogo wa kwenye maboksi, sio nguruwe nguruwe), likiwa limetolewa kabisa mwilini, wakalijaza maji, likalegea lenyewe kuyapokea. Wakazuia nitriki oksaidi, likakataa kulegea. Hapo ubongo uko wapi? Haupo, umeshatupwa.

Tena mwaka 1993 kule Marekani walitengeneza panya wasiokuwa na kimeng'enya cha nitriki oksaidi cha kwenye neva. Ubongo wao ulionekana sawa tu, walichokikuta ni tumbo limevimba limekuwa kubwa mno na msuli wa mlango wa chini umenenepa. Kwa hiyo mama wa mleta uzi tatizo lake liko ukutani.

#11 PanyaWaMaabara
FundiSaa kila ulichosema ni kweli ila hitimisho lako nalikataa. Panya wa 1993 walikosa kile kimeng'enya KOTE, ukutani na kwenye shina la ubongo, kwa hiyo hawawezi kukuambia kosa liko wapi.

Halafu hebu jaribu sasa hivi ulipo, meza mate. Kabla chochote hakijafika chini, tumbo lako la juu limeshalegea kidogo kufungua nafasi. Cannon na Lieb waliliona hilo mwaka 1911. Tumbo halijajazwa, halijavutwa, limejuaje? Limeambiwa. Koo linatanuka, habari inapanda kwa vagasi, inafika kituo cha kupokea, kituo cha kutuma kinashusha amri, tumbo linalegea. Ukikata vagasi hiyo kitu inapotea, na ndo jibu la mzee #9: tumbo lake la juu halilegei tena kupokea, kwa hiyo kimiminika kikiingia presha inapanda kinasukumwa chini mbio, na mlango ulishapanuliwa. Chakula kigumu kinahitaji kusagwa na tumbo la chini kwa mikunyato yenye nguvu, na mikunyato hiyo nayo ilikuwa inategemea vagasi, kwa hiyo kinabaki.

Sasa cha ajabu. Kwenye vipande vya shina la ubongo wa panya, ukiweka nitriki oksaidi seli za kutuma amri ZINAAMKA, zinapiga zaidi. Utategemea tumbo likunyate. Kumbe kuna amri za aina mbili zinazoshuka. Moja inafika ukutani inamwaga kemikali ya neva inayoitwa asetilikolini, msuli unakunyata. Nyingine inafika ukutani inaamsha seli ambayo nayo inatoa nitriki oksaidi, msuli unalegea. Ukiamsha njia ya pili, kichwani ni kuamka, tumboni ni kulala. Na kwa panya seli za kituo cha kutuma zenye kimeng'enya cha nitriki oksaidi nyingi zinaelekea tumbo la juu, hilohilo linalopokea chakula. Haidrojeni salfaidi nayo, ukidunga chumvi inayoitoa kwenye kituo hichohicho, mikunyato ya tumbo la panya inapungua.

#12 MamaPacha254
Habari zenu kutoka Kiambu. Hiyo ya mlango kunenepa imenishtua sana, hata imebidi nikae chini. Kijana wangu wa kwanza alianza kutapika akiwa na wiki nne, si kucheua kwa kawaida, maziwa yanaruka yanafika kwa ukuta wa pili, halafu analia anataka kunyonya tena. Wakwe wakasema maziwa yangu ni mabaya. Nilikonda kuliko yeye. Mwishowe daktari akampapasa tumbo akanishika kidole akakiweka hapo, kitu kigumu kama zeituni hivi. Akafanyiwa operesheni, siku ya pili akanyonya na haikurudi. Saa hii ako darasa la tatu na chapati nne anamaliza.

Hiyo pia ni mambo ya gesi?

#13 FundiSaa
Dada pole na hongera. Ndiyo, mwaka 1992 walichunguza vipande vya msuli wa mlango vya watoto wenye tatizo hilo hilo, wakakuta nyuzi za neva kwenye msuli hazina kile kimeng'enya cha nitriki oksaidi. Mlango hauna wa kuuambia legea. Maziwa yako hayakuwa na kosa, na tatizo hilo linawapata zaidi watoto wa kiume, hasa mzaliwa wa kwanza. Na angalia, operesheni ni kupasua msuli wa mlango tu, kichwani hakuna aliyegusa, mtoto akapona. Panya hapo unasemaje 🙂

#14 PanyaWaMaabara
Nasema mlango ukiwa umekwama ukauvunja utapita, hata kama aliyekwamisha alikuwa mlinzi wa getini. Umetibu mlango, mlinzi hujamuuliza kitu.

#15 Chande_TZ
Hahaha mlinzi wa getini kaingizwa kwenye uzi.

#16 JogooMweupe
Samahani nitoke nje kidogo. Nimewahi kusikia mchicha na bitiruti zinaongeza hiyo nitriki oksaidi, watu wa mazoezi wanakunywa juisi yake. Si mama apewe tu? Na vitunguu swaumu navyo nasikia vinatoa hiyo ya yai viza.

#17 PanyaWaMaabara
Vyote ni kweli na vyote havimsaidii huyu mama, acha nieleze. Mchicha una nitrati nyingi. Ukiula, nitrati inaingia kwenye damu, sehemu yake inarudi mdomoni kwa mate, bakteria walioko nyuma ya ulimi wanaibadilisha kuwa nitriti, ukimeza ikikutana na asidi ya tumbo inatoa nitriki oksaidi. Ndo maana anayesukutua na dawa kali za kuua bakteria mdomoni anaikosa hiyo. Lakini gesi hiyo inatokea kwenye UWAZI wa tumbo, pamoja na chakula. Tunayoiongelea inatoka kwenye ncha ya neva inagusa msuli palepale, sekunde chache imeisha. Kuongeza gesi kwenye uwazi hakurudishi neva iliyokufa.

Kitunguu swaumu hivyohivyo, viambato vyake vikikutana na chembe nyekundu za damu zinatoa haidrojeni salfaidi, inalegeza mishipa. Kutoka hapo mpaka kusema inafika kwenye kituo fulani cha shina la ubongo na kufanya kazi iliyofanywa na sindano ya maabara, hapana, mbali sana.

Halafu mchicha una nyuzinyuzi. Tumbo lililopooza linashindwa na nyuzinyuzi, zinabaki zinajikusanya tonge.

#18 DadaWaWodi
Nakazia hiyo ya nyuzinyuzi. Mleta uzi, kabla watu hawajaendelea na panya wao, naomba orodha ya dawa zote anazotumia mama. ZOTE, hata za kulala.

#19 KitindaMimba
Asanteni sana wote, nasoma kila post, nyingine narudia mara mbili. Mzee #9 shikamoo, nimemsomea mama post yako akasema "mwambie tuko wengi".

Dawa: insulini asubuhi na jioni, dawa ya presha, na kuna kidonge cha usiku kwa ajili ya miguu kuwaka moto, jina amitriptilini. Anacho miaka miwili na zaidi kidogo.

#20 DadaWaWodi
Miaka miwili na zaidi kidogo. Na tumbo lilianza mwaka juzi. Mkuu usikiachishe mwenyewe, ila kwenye kliniki inayokuja hilo liwe swali la kwanza. Dawa hiyo inazuia asetilikolini, ile aliyoitaja Panya kwamba ndo inakunyata msuli. Inasaidia miguu kweli, lakini inachelewesha tumbo, na kinywa kinakauka. Mama hana kiu ya kinywa kukauka?

#21 KitindaMimba
Anayo. Anaweka kikombe cha maji karibu na mto kila usiku. Nilidhani ni sukari.

#22 SindanoYaIjumaa
Na mimi nichangie, naishi nje, natumia semaglutaidi kwa ajili ya kisukari na uzito, nachoma kila Ijumaa. Wiki za mwanzo nilikuwa kama huyo mama, nakula nusu sahani jioni, asubuhi nabeua ladha ya samaki ileile. Nilipotakiwa kufanyiwa upasuaji mdogo daktari wa usingizi alinihoji sana kuhusu hiyo sindano maana inaacha chakula tumboni hata ukifunga. Nilivyosoma, homoni inayoigizwa na hiyo dawa inatengenezwa na utumbo lakini pia na seli za shina la ubongo, kwenye kilekile kituo cha kupokea. Kwa hiyo mimi nipo upande wa Panya, kichwa kinahusika.

#23 FundiSaa
Hujakosea ila umeongeza njia nyingine kabisa, hiyo ni homoni sio gesi. Na vipokezi vyake vipo kwenye neva ya vagasi yenyewe pia. Kila mtu humu analeta mlango wake.

#24 Kisimani
Ngojeni. Mbona hamjamtaja Cajal, yule mwanasayansi Mhispania wa mambo ya neva? Kuna seli zinaitwa kwa jina lake, zimelala katikati ya neva na msuli wa tumbo, ndo zinazopiga mdundo. Kwa binadamu ni mara tatu kwa dakika, njaa ikikubana utadhani unazihesabu. Ujumbe mwingi wa neva, hata huo wa gesi, unapitia kwao. Na kwa wagonjwa wa kisukari wenye tumbo kupooza, vipande vya ukuta wa tumbo vikiangaliwa kwa hadubini seli hizi mara nyingi zimepungua. Anayebishana ubongo au ukuta anasahau kwamba mpiga ngoma mwenyewe anaweza kuwa ameondoka, hata amri ikija na gesi ikija hakuna wa kuipokea.

#25 PanyaWaMaabara
Kisimani umeleta kitu kizito. Nakubali nusu. Lakini kuna jambo la panya wenye kisukari linalonizuia kukubali yote: kile kimeng'enya cha nitriki oksaidi kilikuwa kimepungua kwenye neva za mlango wao, walipopewa insulini kikarudi, na tumbo likaanza kumwaga vizuri. Yaani neva hazikuwa zimekufa, zilikuwa zimenyamaza. Hiyo ilichapishwa mwaka 2000. Hao hao panya walipewa na sildenafili, ambayo inazuia ujumbe wa nitriki oksaidi usifutwe haraka, wakasaidika nao.

#26 JogooMweupe
Sildenafili si ndo ile Viagra?? Jamani nilijua tu uzi utafika huku 😂

#27 PanyaWaMaabara
Ndo hiyohiyo, kazi ni ileile, msuli laini ulegee. Ila kwa binadamu haijaingia kwenye matibabu ya kawaida ya tumbo kupooza kwa hiyo mtu asiende kumnunulia mzazi duka la dawa. Na kwa historia tu, Alfred Nobel aliyetajirika na baruti ya nitrogliserini, uzeeni moyo ulipomsumbua madaktari walimwandikia nitrogliserini hiyohiyo. Mwilini inageuka kuwa nitriki oksaidi. Miaka mia moja baadaye zawadi yenye jina lake ikaenda kwa waliogundua kwa nini inafanya kazi.

#28 BintiSukari
Mimi nina kisukari aina ya kwanza tangu nina miaka 11, naomba niongee kama mgonjwa sio kama msomi. Sukari yenyewe ikiwa juu tumbo linachelewa, siku hiyohiyo, sio mpaka neva ziharibike. Mimi nikipima nikakuta 17 najua kabisa chakula cha mchana kitakaa. Nikiishusha taratibu ikarudi kwenye 8 au 9 siku inayofuata nakula kawaida. Hilo usilisahau, KitindaMimba.

Na kuna hatari ambayo hamjaitaja. Mama anachoma insulini halafu anakula, chakula hakishuki, insulini inafanya kazi kwenye damu isiyo na kitu. Sukari inaanguka. Masaa kadhaa baadaye chakula kinashuka ghafla, sukari inaruka. Unaonekana hujui kujitunza wakati umefanya kila kitu. Mimi iliwahi kunidondosha kwenye daladala, abiria wakadhani nimelewa.

#29 KitindaMimba
BintiSukari umenitoa machozi. Hiyo ndo hali ya mama, tulikuwa tunamgombeza kwamba anakula pipi kwa siri. Dada yangu alimpekua hadi chini ya godoro. Leo jioni tumemwomba msamaha.

#30 MzeeKandoBahari
Mmefanya vyema. Mwambieni asilale akimaliza kula, akae, na akiweza atembee hata mpaka kwa jirani na kurudi. Na ale kidogo mara nyingi, mimi nala mara sita, sahani ya kahawa.

#31 DadaWaWodi
Naongezea alichosema mzee. Mafuta yapungue, yanachelewesha tumbo. Maharage, mahindi ya kuchoma, mboga za majani zenye vikonyo aache kwanza. Mtori, uji laini, viazi vilivyopondwa, samaki aliyechambuliwa, vitu vya kusaga. Na wakimwandikia metoklopramaidi muulize ni kwa muda gani, haitakiwi kuzidi wiki 12 maana ikikaa sana inaweza kuleta kuchezacheza kwa mdomo na ulimi kusikotaka kuisha.

#32 FundiSaa
Nimekaa nikafikiria usiku. Panya, nakupa moja: kumeza mate na tumbo kulegea, hapo sina jibu, ni kichwa. Lakini mama alitapika chakula cha JANA. Kulegea kupokea ni jambo moja, kushindwa kumwaga masaa 15 ni jambo lingine, na huko kwenye kumwaga bado nasema ni ukuta na mlango.

#33 PanyaWaMaabara
Na mimi nakupa moja, mlango. Ila vagasi ni neva ndefu, na kwenye kisukari neva ndefu ndo zinaanza kuumia, angalia miguu yake inawaka moto. Kama nyuzi zinazopandisha habari zimeumia, kituo cha juu hakijui kama tumbo limejaa au tupu, gesi zake kitazitoa kwa habari ipi?

#34 Kisimani
Na mpiga ngoma je?

#35 KitindaMimba
Wakuu mrejesho. Kliniki ilikuwa leo. Daktari (yuleyule kijana) amekubali kupunguza kile kidonge cha usiku taratibu, na muda wa kuchoma insulini amebadilisha, sasa mama anakula kwanza tunapima ndo anachoma. Nilimwambia kuhusu huu uzi, kuhusu kumeza mate na alama ya kujigonga, akavuta kiti akakaa. Nikamuuliza, sasa kwa mama yangu ni shina la ubongo, ni ukuta, ni seli za Cajal, ni kidonge au ni sukari? Akasema kipimo cha kamera kinaonyesha chakula kimebaki, hakionyeshi nani amenyamaza. Akasema angependa na yeye kujua.

Saa moja na nusu jioni hii mama amekula nusu bakuli la mtori, dada ameuchuja mara mbili. Sasa hivi ni saa tatu kasoro, ametoka kutembea mpaka kwa mama Asha na kurudi, amekaa barazani. Hajabeua bado. Nitawaambia asubuhi.

#36 MzeeKandoBahari
Tunasubiri asubuhi.